Risiti ya Sesi: Katiba ya Kenya Inamlinda Vipi Mfanyabiashara

Lori la maembe linalotoka Makueni kwenda soko la Kongowea hukanyaga ardhi ya kaunti tano: Makueni yenyewe, Taita Taveta, Kwale, Kilifi pale Mariakani, kisha Mombasa. Kila kaunti ikiweka kizuizi chake na kitabu chake cha risiti, embe lile lile litatozwa mara tano kabla halijafika mezani kwa mchuuzi. Ushuru huo wa mazao ndio watu wa lori wanauita sesi. Mwenye mzigo hulipa, maana maembe hayangoji hakimu. Swali ambalo ni nadra kuulizwa pale kizuizini ni hili: kaunti hii imeupata wapi uwezo wa kulitoza gari linalopita tu?

Katiba ya 2010 ina jibu, na liko Kifungu cha 209. Kaunti inaweza kutoza kodi ya ardhi na majengo, na kodi ya burudani. Zaidi ya hapo, inatoza kodi nyingine ikiwa tu Sheria ya Bunge imeiruhusu. Inaweza pia kudai malipo kwa huduma inayotoa. Kisha kinakuja kifungu kidogo cha (5), ambacho ningependa kila chama cha wafanyabiashara kikibandike ukutani: uwezo wa kaunti wa kukusanya mapato hautumiwi kwa namna inayoathiri vibaya sera za kiuchumi za taifa, shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, au mwendo wa bidhaa, huduma, mtaji na wafanyakazi nchini. Kifungu cha 210 kinafunga mlango wa mwisho: hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa.

Kwa hiyo anayelipa ada ya kuegesha katika stendi iliyojengwa na kaunti yuko katika hali moja, na anayelipishwa kwa kupita tu katika barabara kuu ya taifa yuko katika hali nyingine kabisa. Wa kwanza amepata huduma. Wa pili ana haki ya kuuliza ameuziwa nini.

Haki ambayo haikuandikwa

Uganda, kupitia Kifungu cha 40(2) cha Katiba yake, inampa kila mtu haki ya kufanya taaluma yake na kuendesha kazi, biashara au uchuuzi wowote ulio halali. Tanzania, Ibara ya 22, inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Ukiisoma Sura ya Nne ya Katiba ya Kenya tangu mwanzo hadi mwisho, hutakuta sentensi ya namna hiyo. Utakuta haki ya mali (40), haki katika kazi (41), haki za kiuchumi na kijamii (43), haki za mtumiaji bidhaa (46). Uhuru wa kufanya biashara kwa jina lake haumo.

Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu anaongezewa ada ya leseni, anakimbilia Kifungu cha 40 na kudai mali yake imeporwa. Haki ya mali haimhakikishii mtu faida, wala haimwahidi kwamba masharti ya biashara yatabaki kama yalivyokuwa alipofungua duka. Anayeipeleka kesi yake mahakamani kwa mguu huo mmoja ameanza kuchechemea.

Nguvu yake halisi iko kwingine, nayo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kenya imeiruhusu serikali kudhibiti karibu kila biashara, lakini imeilazimisha ipite njia maalumu: iwe na sheria, sheria hiyo itoke kwa mwenye mamlaka, wananchi wasikilizwe kabla, ichapishwe, ieleweke, na anayeguswa na uamuzi apewe sababu. Ukizitazama kesi za miaka 15 iliyopita utaona kanuni nyingi zilizoanguka zimeanguka njiani, yaani kwenye utaratibu. Lengo lake lilikuwa jema mara nyingi. Ndiyo maana naona ni kosa kubwa kuanza kwa kubishana kama kanuni ni mbaya. Anza kwa kuuliza imefikaje hapa.

Amri ya gavana si sheria

Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku kuingiza na kuuza muguka, aina ya miraa inayotafunwa, na Taita Taveta ikafuata. Marufuku zilitoka kwa amri za magavana. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa: wazazi wa Pwani wamelia kwa miaka kuhusu vijana na muguka, na Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu la kudhibiti dawa za kulevya. Lakini miraa ilitambuliwa kuwa zao la kisheria mwaka 2016 kupitia Sheria ya Mazao, sera ya kilimo ni kazi ya serikali ya taifa, na mkulima wa Embu anayeishi kwa zao hilo ana haki za kikatiba sawa na za mzazi wa Likoni. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha utekelezaji wa amri hizo kwa muda siku chache tu baada ya kutolewa.

Agizo la kusimamisha kwa muda si hukumu, na sitalifanya kuwa hukumu hapa. Hata hivyo kisa hiki kinaonyesha swali la kwanza kabisa. Kifungu cha 24 kinasema haki huwekewa mipaka kwa sheria tu. Mamlaka ya kutunga sheria za kaunti yako kwa bunge la kaunti (Kifungu cha 185), na sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi mpaka ichapishwe katika Gazeti Rasmi (199). Gavana anatekeleza sheria, hatungi. Ilani iliyobandikwa kwenye lango la soko, barua ya afisa wa biashara, tangazo la redioni: vyote hivyo vinahitaji sheria nyuma yake. Kama kaunti ya Pwani inataka kuidhibiti biashara ya muguka kwa njia itakayosimama, na naamini inaweza, ipeleke mswada bungeni wenye masharti ya leseni, saa za kuuza, umri wa mnunuzi na umbali kutoka shule, na iwasikilize wauzaji na wazazi kabla ya kura. Njia hiyo ni ndefu, lakini haivunjwi kwa siku tano.

Kuwasikiliza watu maana yake nini

Kesi ambayo kila bunge la kaunti lilipaswa kuijua kwa moyo ni ya Kiambu. Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 iliongeza ada na ushuru wa aina nyingi. Aprili 2014 Mahakama Kuu ikaibatilisha kwa kukosa ushirikishaji wa umma wa kweli. Jaji alisema bunge la kaunti lina wajibu wa kufanya kila linalowezekana watu wajue: kanisani, msikitini, hekaluni, katika baraza, kwenye redio za taifa na za lugha za mama. Kutuma ujumbe mtandaoni na kumwachia anayejali autafute hakutoshi.

Mahakama ya Juu iliweka vigezo zaidi Novemba 2019 katika kesi ya kampuni ya British American Tobacco iliyopinga Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za 2014. Kanuni hizo, pamoja na mambo mengine, zilimtaka mtengenezaji na mwagizaji wa tumbaku achangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zake kwenye mfuko wa kudhibiti tumbaku. Kampuni ilidai haikushauriwa ipasavyo. Mahakama ikakuta mikutano ilifanyika, barua ziliandikwa, maoni yalipokelewa. Kwa hoja hiyo kampuni ikashindwa ngazi zote tatu.

Weka kesi hizo mbili pamoja, kipimo kitaonekana. Mwananchi anatakiwa apewe taarifa inayoeleweka, muda wa kutosha, na mahali halisi pa kusemea. Si lazima hoja yake ikubaliwe. Mamlaka inaweza kusikiliza hoja yako yote, ikaielewa, ikaikataa, na sheria ikasimama. Oktoba 2024, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama ya Juu ilikataa kubatilisha sheria hiyo ingawa Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeibatilisha mwezi Julai, na ikasema si kila badiliko linaloingizwa baada ya maoni ya umma linahitaji duru mpya ya maoni. Mimi naona hukumu hiyo imelegeza kamba kupita kiasi, kwa sababu mapendekezo yanayoumiza huweza kuingizwa mwishoni. Lakini ndiyo sheria ilivyo sasa, na anayeandaa kesi leo lazima aijenge juu yake.

Ushahidi wa ushirikishaji uko kwenye karatasi, na karatasi huombwa. Omba tangazo lenyewe na tarehe yake, orodha ya waliohudhuria kila wadi, kumbukumbu za mkutano, na ripoti ya kamati ya bunge la kaunti. Tarehe husema mengi. Tangazo la Ijumaa kwa mkutano wa Jumatatu, mswada wa kurasa nyingi wenye jedwali la ada ambalo halikuambatishwa, mkutano mmoja makao makuu kwa kaunti nzima: hayo ndiyo yanayobomoa sheria. Kama ulitoa maoni, hifadhi nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asiyetuma maoni yoyote, kisha akalalamika kwamba hakusikilizwa, huwa na wakati mgumu mbele ya jaji.

Kanuni za waziri na saa yake ya mchanga

Sehemu kubwa ya udhibiti wa biashara haimo katika Sheria za Bunge. Imo katika kanuni zinazotungwa na mawaziri na mamlaka kama za mawasiliano, kawi, chakula na dawa. Katiba inazitazama kwa jicho kali. Kifungu cha 94(5) kinasema hakuna mtu wala chombo kingine zaidi ya Bunge kinachotunga kitu chenye nguvu ya sheria, isipokuwa kimepewa uwezo huo na Katiba au sheria. Kifungu cha 94(6) kinaitaka sheria inayogawa uwezo huo itaje madhumuni yake, mipaka yake na misingi ya kufuatwa. Waziri aliyepewa uwezo wa kuweka viwango vya usafi hawezi kuutumia kuamua nani auze kwa bei gani.

Kisha ipo Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, ambayo wafanyabiashara wachache wameisoma, na ni hasara yao. Inaitaka mamlaka ishauriane na watakaoguswa. Kanuni ikielekea kuwagharimu watu kiasi kikubwa, lazima iandaliwe taarifa ya athari: gharama, faida, na njia mbadala zilizofikiriwa. Baada ya kuchapishwa, kanuni ipelekwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Isipopelekwa inakufa yenyewe mara siku ya mwisho inapopita. Hata iliyopelekwa na kupita haiishi milele: hufikia kikomo miaka 10 tangu kutungwa, isipokuwa imeongezewa muda, na nyongeza hiyo haizidi miezi 12.

Namna ya kukagua haihitaji wakili. Tafuta namba ya tangazo la kisheria na tarehe yake katika Gazeti Rasmi. Hesabu siku za vikao kwa kutumia kalenda ya Bunge, kwa sababu likizo ya Bunge haihesabiwi; hapo ndipo watu hukosea kwa kuhesabu siku za kawaida. Tafuta katika kumbukumbu za Bunge siku ambayo kanuni iliwekwa mezani. Halafu tazama mwaka wa kutungwa na uongeze 10.

Sheria isiyoeleweka

Agosti 2016 Kenya iliweka kikomo cha riba za benki: mkopo usizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu. Wananchi wengi walishangilia, na haki yao, kwani riba zilikuwa zimewakaba. Machi 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakavibatilisha vipengele hivyo vya kifungu cha 33B cha Sheria ya Benki. Hawakusema serikali haina uwezo wa kudhibiti riba. Walisema maneno ya msingi, kama vile mkopo ni nini hasa na kiwango cha msingi ni kipi, hayakuwa na maana ya uhakika, na sheria yenyewe ilikuwa na adhabu ya jinai ya faini isiyopungua shilingi milioni moja. Mtu haadhibiwi kwa kuvuka mstari asiouona. Majaji walisitisha ubatilishaji kwa miezi 12 ili Bunge lirekebishe. Bunge, baada ya Rais kuurudisha mswada wa fedha, liliishia kukiondoa kikomo Novemba mwaka huo.

Mpenda kudhibiti riba anapaswa kuhuzunika zaidi ya mwenye benki kwa kisa hicho. Uandishi mbovu uliwapokonya wakopaji kinga.

Mizani ya Kifungu cha 24

Kanuni ikishapita njia yote na bado inagusa haki, ndipo swali la uzito linapofika. Serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha, si wewe. Mahakama hutazama haki iliyoguswa, umuhimu wa lengo, ukubwa wa kizuizi, haki za wengine, na kama kulikuwa na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile. Hapo kwenye njia nyepesi ndipo kesi nyingi huamuliwa, kwa hiyo njoo nayo mkononi. Usiseme tu kwamba kufunga vibanda vyote ni ukatili. Onyesha kwamba tatizo ni maji taka, kwamba kibanda chenye tangi na ndoo ya kunawia kinalitatua, na kwamba kaunti jirani inafanya hivyo.

Mizani hiyo humlinda pia mlaji dhidi ya mwenye biashara. Aprili 2012 Mahakama Kuu iliamua kwamba tafsiri ya bidhaa bandia katika Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya 2008 ilikuwa pana kiasi cha kuweza kuzikumba dawa halali za bei nafuu zinazotumiwa na wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Haki ya uhai na afya ikawekwa juu ya haki ya mwenye hataza, yaani mwenye haki ya kipekee ya uvumbuzi.

Hata kwenye mizani hiyo majaji huogopa kupima kama sera yenyewe ni ya hekima. Kwa nini? Marekani iliwahi kuwapa funzo. Mwaka 1905, katika kesi ya Lochner, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4 ilibatilisha sheria ya New York iliyowawekea waokaji mikate kikomo cha saa 10 kwa siku na 60 kwa wiki, kwa jina la uhuru wa mkataba. Ilichukua hadi 1937, katika kesi ya mshahara wa chini wa wanawake wa jimbo la Washington, njia hiyo kuachwa. Mwoka mikate hakuwa na uhuru wowote wa kujadiliana saa zake na tajiri wake.

Ukiletewa notisi

Kwanza, isome utafute sheria, kifungu na tarehe. Isipotaja chochote, andika barua siku hiyo hiyo ukiuliza. Kifungu cha 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa raia haki ya kujibiwa ombi la taarifa ndani ya siku 21.

Pili, dai sababu. Kifungu cha 47 kinataka hatua ya kiutawala iwe halali, ya busara, ya haraka na ya haki kiutaratibu. Sheria ya mwaka 2015 inayokitekeleza inataka upewe notisi na nafasi ya kujieleza kabla ya uamuzi. Ukidai sababu, mamlaka ina miezi mitatu ya kuzitoa. Ikinyamaza, mahakama huchukulia kwamba hakukuwa na sababu njema, mpaka ithibitishwe vingine.

Tatu, maliza ngazi za ndani kama zipo: kamati ya rufaa ya leseni, baraza la rufaa la kodi, au mahakama maalumu ya sekta husika. Kesi nyingi nzuri hutupwa hapa tu, kwa sababu mlalamikaji aliruka ngazi. Kama kusubiri kutakuangamiza, omba rasmi usamehewe sharti hilo, usilipuuze.

Nne, ukifika Mahakama Kuu, taja kifungu kilichovunjwa, kimevunjwaje, na umeumia vipi. Sharti hilo lina umri wa tangu 1979, kesi ya Anarita Karimi Njeru, na bado linaangusha watu. Orodha ya vifungu 12 bila maelezo ni udhaifu. Hati ya kiapo ibebe risiti, notisi, picha zenye tarehe na hesabu za mauzo kabla na baada. Vipande vya magazeti havitoshi. Kama unaomba agizo la kusimamisha kwa muda, onyesha mambo matatu: kesi ina msingi, madhara yatakuwa yameshatokea kabla ya hukumu, na umma hautaumia. Kama umelipa, hifadhi kila risiti na uombe marejesho kwa kiasi chake, maana tamko la ubatili peke yake halikutajii shilingi hata moja.

Na angalia kalenda. Ombi la kikatiba halina ukomo wa siku ulioandikwa, ingawa kuchelewa bila sababu hukuumiza. Lakini ukienda kwa njia ya kawaida ya kuomba uamuzi ufutwe, Sheria ya Marekebisho ya Sheria inakupa miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa. Miezi mitatu ya kusubiri sababu imo ndani ya hiyo sita, kwa hiyo barua ya kudai sababu iandikwe wiki ile ile notisi inapofika, si baada ya kibanda kubomolewa.